Nyumba ya Magurudumu na Sahani Moja

Asubuhi ile Mehjabeen alijiapiza mambo mawili. La kwanza, hatamtazama Murtaza usoni. La pili, atapima madirisha, atachukua vipimo vyake na kurudi dukani kwa baba yake kabla chai haijapoa. Kiapo cha kwanza kilimshinda hata hajavuka lango.

Murtaza alikuwa juu ya paa la basi, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni, anakaza nati za paneli ya sola. Jua la Agosti lilikuwa nyuma yake. Aligeuka, akamwona, na spana ikamponyoka ikaanguka chini kwa kishindo.

"Yesu na Maria!" Mama Apolinaria aliruka pembeni, futikamba ikimning'inia shingoni. "Sisi tumekuja kupima mapazia, baba. Hatujaja kuzikwa."

"Nisamehe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shuka huko kabla hujamuua mtoto wa watu."

Mama Apolinaria alikuwa fundi cherehani, mtu wa Isevya, na kibaraza cha duka la nguo la mzee Asgarali pale Kanyenye, mjini Tabora, kilikuwa kiti chake tangu Mehjabeen hajaota meno. Leo alikuja kama fundi. Alikuja pia kama macho ya mzee Asgarali, maana binti wa Kibohora haendi peke yake kwenye ua wa kijana ambaye posa yake imekataliwa.

Naam, ilikataliwa. Mwezi uliopita Murtaza alikwenda na wazee wa jamaa, kwa heshima zote, na mzee Asgarali akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siwezi kumwoza mwanangu kwenye basi," akavaa kofia yake vizuri, na mazungumzo yakawa yamefungwa. Tangu siku hiyo Murtaza hakukanyaga dukani. Hadi juzi, alipoleta ujumbe kwamba Jumatatu anaondoka, na anahitaji mapazia. Tabora imejaa maduka ya nguo, lakini yeye alitaka ya duka lile. Na mzee Asgarali akakubali, kwa sababu mfanyabiashara wa kweli hakatai mteja, hata mteja mwenyewe awe anamnyima usingizi.

"Ingieni," alisema Murtaza, akiwa ameshashuka. "Angalieni ngazi, ya pili inacheza kidogo."

Mehjabeen aliingia, na kiapo cha pili nacho kikaanza kulegea.

Ndani kulinukia mbao za mninga. Lile Coaster kuukuu lililowahi kubeba abiria na kuku wao lilikuwa limegeuka kitu kingine kabisa. Viti vyote vilikuwa vimeng'olewa isipokuwa viwili vya mbele. Kushoto palikuwa na jiko la gesi na sinki, tangi la maji chini yake. Nyuma palikuwa na kitanda, chandarua kimefungwa juu kwa utepe, na betri za sola zimepangwa uvunguni. Kila kabati lilikuwa na kikomeo kidogo cha shaba, ili vyombo visimwagike barabara ikianza kucheza. Alipitisha kidole juu ya kikomeo kimoja. Kililainishwa kwa msasa mpaka kikawa kama ngozi.

"Friji?" aliuliza, akiyatazama madirisha.

"Ile pale chini. Ndogo, lakini inatosha maziwa na samaki wawili."

"Samaki wa wapi?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Wa Kigoma," alisema Murtaza taratibu. "Halafu wa Rumonge, nikishavuka mpaka. Halafu nitapanda Rwanda, niteremkie Uganda. Kule watanipa samaki wa ziwa jingine."

Mehjabeen aliinua futikamba mpaka dirishani, akaishika hapo, na hakusoma namba yoyote. Majina yale aliyajua. Aliyajua kwa mpangilio wake, kama mtu anavyozijua shanga za tasbihi yake. Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma, njia ileile ya zamani ya misafara, halafu milima ya Burundi yenye ukungu. Kwa miaka miwili waliyatamka majina hayo juu ya kaunta ya duka, simu ya Murtaza ikiwa katikati yao imefunguliwa ramani, huku Mehjabeen akijifanya anampimia kitambaa. Kila wiki kijana yule alikuja kununua mita moja. Mita moja ya kitenge, mita moja ya popilini, mita moja ya khanga. Mama Apolinaria alikuwa akiuliza kwa sauti, watu wote wasikie, kama huko kwao wanavaa vipande vipande.

Penzi ni kikohozi, halifichiki. Mji mzima ulikuwa umeshasikia wakikohoa.

Pale dirishani Mehjabeen aliota basi likitembea. Aliota asubuhi ya baridi ukingoni mwa maji asiyoyajua, pazia la buluu likipepea, na mtu akimwambia chai iko tayari. Hakumwona sura mtu huyo, na hakuwa na haja ya kumwona. Akatabasamu peke yake. Kisha, ili aonekane ana kazi, akafungua kabati la vyombo apime upana wa rafu.

Ndani kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja.

Aliangalia vizuri, labda vingine viko nyuma. Nyuma palikuwa na ukuta wa kabati.

"Sahani moja," alisema.

Murtaza aligeukia kioo cha mbele.

"Umeweka tairi mbili za akiba. Umeweka taa mbili juu ya kitanda. Sahani umenunua moja."

"Naenda peke yangu, Mehjabeen."

"Naona."

"Ulitaka ninunue mbili? Kila nikipika niitazame ile ya pili?" Sauti yake ilipanda. "Baba yako alisema hapana. Sikumwendea kwa nyuma, nilimwendea mbele, na wazee. Akasema hapana. Kosa langu liko wapi?"

"Ulimuuliza baba."

"Ndiyo."

"Ukamuuliza na mjomba wangu wa Mwanza kwa simu. Ukawauliza wazee msikitini. Nasikia mpaka fundi wako wa breki ulimuuliza kama ni wakati mzuri wa kuposa." Aliufunga mlango wa kabati. "Mimi hukuniuliza."

"Nilijua unajua."

"Najua nini? Baba alisema hapana, wewe ukaanza kufunga mizigo. Hukuja hata siku moja kununua mita yako, ukasimama pale kaunta, ukasema, Mehjabeen, na wewe unasemaje?"

Murtaza alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Ningekuuliza, ungesema nini?"

"Hilo si swali. Hilo ni kuchungulia nje kama kuna mvua kabla ya kutoka."

Akashuka. Ngazi ya pili ilicheza, akayumba, Murtaza akanyoosha mkono, naye akaukataa. Mama Apolinaria alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi, akilichunguza pindo la gauni lake kwa bidii ya mtu aliyesikia kila neno.

Walikuwa wameshafika barabarani, bodaboda zinawapita, ndipo mama Apolinaria aliposema, "Madirisha hatujayapima."

"Nitakadiria."

"Kwa macho hayo? Mapazia yataburuza mpaka kwenye tairi." Alimpa upindo wa khanga yake ajifute. "Mimi marehemu mume wangu Amon aliniuliza mwenyewe, kisimani, kabla hajafika kwa baba. Nikamwambia hapana."

"Hapana?"

"Nilikuwa na ndoo kichwani, mwanangu, na yeye alikuwa amesimama kivulini. Akaipokea ndoo. Akaniuliza tena." Alicheka kidogo. "Wanaume wetu si wabaya. Ila wanajifunza njiani."

Walipofika, mzee Asgarali alikuwa amekwisha kufunga duka kwa ajili ya chakula cha mchana. Alikuwa ameketi sakafuni, nyumba ya nyuma, kofia kichwani, anasubiri. Mbele yake palikuwa na sinia kubwa, lile la kukaa watu wanane. Desturi ya Wabohora ni kula pamoja, sinia moja, na hakuna anayeonja kitu kabla ya chumvi. Mwenye nyumba huchukua kibakuli cha chumvi, akampitishia kila mtu, kila mtu akaonja chembe, ndipo chakula kikaanza. Mgeni, hata awe nani, hapitishi chumvi. Katika nyumba ile kibakuli hicho cha fedha hakikuwahi kushikwa na mkono mwingine ila wa mzee Asgarali. Tangu mama yake Mehjabeen alipofariki, watu waliokipokea walikuwa wamebaki yeye na binti yake. Wawili kwenye sinia la wanane.

Mehjabeen hakuketi. Aliingia jikoni, akaufunika wali wa dengu kwenye sufuria yake, akaufunga kwa kitambaa. Kisha akanyoosha mkono ukutani akashusha sinia dogo la shaba, la marehemu mama yake.

"Chakula kinakwenda wapi?" baba yake aliuliza.

"Kuna mtu amenunua sahani moja, baba. Sahani moja na kijiko kimoja. Anataka kuzunguka nazo nchi za watu."

Mzee alikunja uso. Kwao, kula peke yako ni jambo la mgonjwa, au la mtu aliyetengwa. "Na mimi hilo linanihusu nini?"

"Wewe ndiye uliyemnunulia."

"Mehjabeen!"

"Nisamehe, baba. Naomba nikuulize kitu, kisha unikaripie vizuri. Babu wa babu yako alipofika Tabora, alikuwa na nyumba?"

"Alikuwa na hema. Usinizungushe."

"Na bibi alikuwa wapi?"

"Alikuwa naye."

"Na sinia hili?"

Mzee Asgarali alilitazama lile sinia mkononi mwa binti yake. Shaba yake ilikuwa na bonde dogo ukingoni. "Kichwani mwa mpagazi, tangu Bagamoyo," alisema polepole. "Hadithi yote unaijua. Kwa nini unaniuliza?"

"Kwa sababu leo nimegundua kuuliza ni heshima. Nakwenda kumpa chakula, baba. Nakuomba twende wote. Ukikataa nitakwenda na mama Apolinaria, na nitarudi hapa, na sitakasirika. Lakini sitaki nije nile hapa nikijua kuna mtu anakula peke yake kwa ajili yangu."

 Mzee aliyashusha macho kwenye sinia tupu la wanane, akalitazama. Mehjabeen alilitia sinia dogo kwapani. Kisha akatoka.

Murtaza alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi, sahani yake magotini, haina kitu. Alipomwona Mehjabeen anaingia langoni na sinia kwapani, mama Apolinaria nyuma na sufuria, alisimama ghafla akagonga kichwa kwenye mlango.

"Usiseme kitu kwanza," alisema, akijishika kichwa. "Nimekaa hapa tangu ulipoondoka. Nilikuwa nataka kuja dukani, nikaogopa. Mimi ninayesema navuka mipaka, naogopa kuvuka barabara ya Kanyenye." Akaiweka sahani kando. "Mehjabeen, sijui kama baba yako atabadilika. Nakuuliza wewe mwenyewe sasa, si baba yako. Unataka twende wote? Ukisema hapana nitaelewa. Ukisema ndiyo, basi hili halitoki hapa mpaka siku utakayopanda kihalali, hata nyasi ziote kwenye tairi."

Mehjabeen alikuwa ameipanga midomo yake iseme, nitafikiri. Ndivyo binti mwenye adabu anavyotakiwa kusema. Badala yake akajisikia akisema, "Ndiyo. Nilitaka tangu mita ya kwanza."

Mama Apolinaria aliuangalia mti wa jirani.

"Lakini sitaondoka kama mwizi," Mehjabeen aliendelea. "Bila baba, siondoki."

Mtu alikohoa langoni. Wote wakageuka. Mzee Asgarali alikuwa amesimama pale kwenye kanzu yake nyeupe, jua limempiga usoni, anahema kidogo kwa haraka aliyojitia.

"Salaam aleikum, mzee," Murtaza alisema.

"Aleikum salaam." Mzee alilizunguka basi, mikono nyuma. Alilipiga bodi kwa ngumi. Alilipiga tairi teke dogo. "Breki?"

"Mpya, mzee."

"Maji ya kunywa?"

"Kuna chujio."

"Na ngazi hii inacheza."

"Nitaikaza leo."

"Uikaze. Mtu atavunjika." Akainama, akaingia.

Mehjabeen na Murtaza wakamfuata, mama Apolinaria akabaki nje. Tatizo likajitokeza mara moja. Kimeza cha kukunja ambacho Murtaza alikitengeneza kwa mninga safi kilikuwa na upana wa sahani moja, wala hapakuwa na nafasi ya sinia popote, maana miguu ya kile kimeza ilikuwa imefungwa kwenye sakafu. Mehjabeen alisimama na sinia lake, hana pa kuliweka. Murtaza alitazama kimeza, akamtazama yeye.  Akatoka, akaiokota ile spana iliyoanguka asubuhi, akarudi, akapiga magoti na kuanza kufungua nati.

"Umekitengeneza kwa muda gani?" mzee aliuliza.

"Wiki nzima, mzee."

"Kizuri."

"Kilikuwa kibaya," alisema Murtaza, akakitoa nje.

Sakafu ikawa wazi, lakini vumbi la mbao lilikuwa limetapakaa. "Kuna cha kutandika?" Mehjabeen aliuliza, na kabla Murtaza hajamzuia alinyoosha mkono akafungua kabati la juu. Vitambaa vikamwangukia kichwani. Kitenge, popilini, khanga, doria, mita moja moja, vyote vimekunjwa kama vilivyotoka dukani, hakuna hata kimoja kilichokatwa. Vilimmwagikia mabegani mpaka miguuni.

"Sikuweza kuviacha," alisema Murtaza, masikio yakimwiva. "Nilinunua sahani moja. Lakini hivi sikuweza kuviacha."

Nje mama Apolinaria alisikika akisema, "Kumbe havai!"

Mehjabeen alipiga magoti ili asionekane analia. Alivitandika kimoja juu ya kingine, wiki baada ya wiki ya miaka miwili, mpaka sakafu yote ikafunikwa. Akaliweka sinia katikati. Lilienea kana kwamba lilipimiwa hapo, naye akaipokea sufuria kwa mama Apolinaria mlangoni, akaupakua wali. Wakaketi watatu, magoti yakigusana, migongo kwenye makabati. Dirishani uliingia upepo wa kiangazi wenye harufu ya majani makavu, na kwa muda basi lile lilionekana kama limeshaondoka, limeshafika mahali tulivu, limezimwa.

Hakuna aliyegusa chakula.

"Mimi nilisema basi," mzee Asgarali alianza, macho yake kwenye wali. "Sikuwa na neno jingine la kusema mbele ya wazee. Basi si tatizo. Babu zangu walilala porini."  Vidole vyake vilitafuta ukingo wa sinia, vikaligusa lile bonde. "Ukiondoka, Mehjabeen, mimi nitaketi pale na sinia la watu wanane. Leo nimekaa nalo dakika chache tu baada ya wewe kutoka. Nimeshindwa."

"Baba..."

"Subiri. Nimeshindwa, nikafikiri, huyu kijana nilitaka akale hivi nchi nne. Mimi na miaka yangu nimeshindwa pale Kanyenye, nyumbani kwangu." Alijifuta usoni kwa kiganja. "Nyumba za jamaa zetu zimejaa sinia. Dada yangu kila siku ananiita nikale kwake, najifanya nina kazi. Nitakwenda. Na nyinyi mtarudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

 Murtaza alijaribu kuwa mwenyeji mwema, akageuka kulifungua kabati la jikoni, akalifunga, akafungua jingine. Uso ukambadilika rangi.

"Nini?" Mehjabeen alinong'ona.

"Chumvi," alisema Murtaza. "Sikununua chumvi."

Mzee Asgarali aliinua kichwa. "Una jua kwenye betri. Una friji ya samaki wa Kigoma. Unapita Uvinza kwenyewe, wanakochemsha chumvi tangu enzi za misafara. Na huna chumvi?"

"Nilikuwa nimezoea kufikiri nitakula peke yangu, mzee."

Mehjabeen akakumbuka, akaona aibu, kwamba yeye naye kwa hasira zake alibeba sinia na chakula akaisahau chumvi. Chakula kilikuwa mbele yao, moto, na hakuna aliyeweza kukianza. Ndipo mzee alipoingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Akaifungua leso taratibu. Kilikuwa kile kibakuli cha fedha.

"Uliondoka bila hiki," alimwambia binti yake. "Nikasema, watafanyaje?"

Mehjabeen alitandaza kiganja, akangoja baba yake ampitishie, kama alivyongoja siku zote za maisha yake. Lakini mzee Asgarali hakukinyanyua. Alikiweka juu ya ukingo wa sinia, akakisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kikasimama mbele ya binti yake.

"Baba, chumvi ni yako kupitisha."

"Kwangu," alisema mzee. "Hapa mimi ni mgeni. Nikaha itafuata kwa siku yake na kwa heshima yake, na Jumatatu hakuna anayekwenda popote. Lakini chakula kinapoa. Mwenye nyumba apitishe chumvi."

 Mehjabeen akakichukua kile kibakuli kwa mara ya kwanza, akakishika kwa mikono miwili, akampitishia baba yake.